Kuitafuta Barafuni na Mama

Kila anayenipigia simu ana swali moja: mama yuko wapi? Mama hajambo. Amebaki Mombasa kwa hiari yake, na anayesema nimemtelekeza aje aniambie ana kwa ana. Nimechoka kuisimulia habari hii vipande vipande, huyu nusu, yule robo, kwa hiyo nimekaa nikaiandika yote. Mambo ya tiketi na ya kuomba ruhusa shuleni sitawachosha nayo.

Bungoma hadi Nairobi

Daktari wa macho alimwambia mama, mbele yangu, kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uoni wake, na kwamba dawa ya matone itachelewesha tu, haitarudisha kilichokwisha kupotea. Mama alimsikiliza, akamshukuru, na tulipotoka nje akasema, "Basi nipeleke Mombasa."

Nilijua kwamba kabla sijazaliwa aliishi huko na baba, aliyekuwa akisafiri na treni za mizigo, na kwamba yeye mwenyewe aliosha chupa katika kiwanda cha soda Mji wa Kale. Zaidi ya hayo hakuwahi kutuambia kitu.

"Mama, kiwanda gani hicho cha kukufanya uvuke nchi nzima? Chupa ni chupa."

"Sijakuomba uzipende chupa, Nafula. Nimekuomba unipeleke."

Alibisha hivyo mpaka nikakubali. Kwenye basi alikaa dirishani, uso umebandikwa kwenye kioo, akiuliza tumefika wapi kabla hatujafika popote. Alikuwa amefunga viazi vitamu na kuku wa kukaushwa kwa moshi, lakini yeye hakula. Mimi nilikula kwa wasiwasi, kimoja baada ya kingine, hadi Nakuru nikawa siwezi kuviona tena viazi vitamu. Kila basi liliposimama alishuka. Sio kwa haja. Alishuka tu, akazunguka basi, akapanda. Utingo mmoja akaniuliza kwa upole kama mzee ana shida kichwani. Nilimjibu vibaya, baadaye nikajutia.

Nairobi tulilala kwa binamu yangu. Asubuhi nilimkuta mama amekaa mlangoni, kitambaa kichwani, viatu mguuni, mkoba mapajani.

Maungu

Kutoka Nairobi mambo yalikwenda vizuri mpaka tukapita Voi. Karibu na Maungu basi lilianza kunuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, kisha likasimama kando ya barabara. Dereva alitangaza kwamba ni dakika chache. Abiria wote walishuka mara moja, kwa hiyo nikajua hakuna aliyemwamini.

Ndani ya basi, kando yetu alikuwa ameketi mama mmoja wa Kibwezi, Mama Mutheu, anayekwenda kumtembelea mwanawe kazini bandarini. Alitandika leso chini ya kivuli cha basi, akatoa maembe na kisu, akatukaribisha. Nilikwenda kumuuliza dereva hali ya injini. Nilipogeuka, leso ilikuwa na maembe tu.

Niliwaona mbali kidogo. Mama alikuwa anatembea kandokando ya lami kuelekea Mombasa, na Mama Mutheu anamfuata nyuma akimvuta shali. Malori yalipita kwa kasi yakiwapepea nguo wote wawili. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia tangu niwe mwalimu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nimechoka kukaa."

"Unataka kutembea hadi Mombasa?"

"Kama gari limekufa, nifanyeje?"

Mama Mutheu alimshika mkono upande mmoja, mimi upande mwingine, tukamrudisha. Tulipokaa, yule mama akaniambia kana kwamba ananituliza, "Usimgombeze. Mtu akiwa na mtu anayemtafuta kwa muda mrefu namna hiyo, hata mimi ningetembea."

"Mtu gani? Anatafuta kiwanda."

Mama Mutheu akamtazama mama. Mama akachukua kipande cha embe, akala taratibu, akafuta mdomo. Nilijua nikimbana hapo mbele za watu atafunga mdomo mpaka turudi Bungoma. Lakini kuanzia hapo na mimi sikutulia. Basi lingine lilipokuja kutuchukua, mchana ulikuwa umekwisha kugeuka, na sikuona Mariakani wala Mazeras. Nilikuwa namtazama mama tu, najiuliza ni mtu gani ambaye mgeni wa leso moja ameambiwa habari zake, mimi mwanawe nisiambiwe.

Majengo, kwa makosa

Mombasa tulilala nyumba ya wageni. Asubuhi nilimsimamisha dereva wa tuk-tuk, kijana mchangamfu aitwaye Athumani, nikamwambia tunatafuta kiwanda cha zamani cha soda.

"Cha soda? Hiyo rahisi, bibi. Pandeni."

Alituvusha barabara hii na ile, akatuingiza Majengo, akasimama mbele ya ghala la soda la jumla. Kreti zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Wachukuzi wakatuangalia, wakidhani tumekuja kununua.

Mama alishuka. Akaigusa kreti, ya plastiki, akaiachilia kama imemchoma.

"Hii sio."

"Bibi, soda zote za mtaa huu zatoka hapa," Athumani akasema.

"Zetu zilikuwa na gololi shingoni. Unaisukuma kwa kidole, inaingia ndani. Nimeziosha mpaka mikono ikapasuka. Ni Mji wa Kale, karibu na bandari ya zamani."

Athumani alicheka, si kwa dharau. "Mji wa Kale nimezaliwa jirani yake, bibi. Kule kuna misikiti, nyumba, watalii na kahawa. Kiwanda hakuna, wala sijasikia."

Mchukuzi mmoja alimletea mama kiti na soda baridi. Mama hakukaa wala hakunywa. Alisimama katikati ya kreti akageuza kichwa huku na huku, kwa jinsi ile ya watu ambao macho yao yamebakiwa na tundu dogo la kupitishia mwanga, na nikaona kidevu kinamtetemeka. Athumani naye aliona. Kicheko kilimwisha.

"Twendeni basi," akasema. "Nitawashusha ndani kabisa, tuulize duka kwa duka."

Mji wa Kale

Tuk-tuk ilipofika pasipoweza kupita, tukashuka. Athumani aliacha gari akaja nasi, akisema hawezi kutuacha na fumbo hili. Tulipita vichochoro, mama ameshika kiwiko changu. Miguu yake ilikwenda haraka kuliko yangu. Kila kona alisimama, akanusa, akasema, "Hapa palikuwa na mtu wa halua," au "Hapa kulikuwa na mashine za kuchapa, zikilia mchana kutwa." Mimi niliona milango iliyofungwa na duka la kuuza vinyago.

Kwenye duka la makufuli na bawaba tulimkuta mwenyewe, Bwana Yusufali, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, anagombana na redio yake. Tukamsalimu, akatuitikia vizuri, akauliza mwatoka wapi, watu wa huko hawajambo, mvua je. Hapo ndipo nikapata nafasi ya kuuliza kiwanda cha soda.

"Mtaa huu? Hapana," akasema bila kusita. "Mimi nimekaa duka hili tangu nikiwa siwezi kufikia kaunta. Kiwanda cha sabuni kilikuwa pale, kwenye lile lango la bluu. Cha chapa kilikuwa nyuma yetu, kikichapa kadi za harusi na vitabu vya kasida. Ghorofani hapo palikuwa na shule ya taipu ya wasichana. Mke wangu nilimwona akitoka huko, wacha tu. Palikuwa na zahanati ya bure ya jamaa mmoja tajiri, na mashine ya kukoboa mpunga. Vyote vimekwenda. Lakini soda? Sikumbuki. Umeambiwa uongo."

"Sijaambiwa," mama akasema. "Nilifanya kazi."

"Labda mtaa mwingine."

"Mtaa huuhuu."

"Mama yangu, nakuheshimu, lakini..."

Dirisha la ghorofa ya ng'ambo lilifunguka. Mwanamke wa makamo, mikono yake ya manjano mpaka viwikoni kwa kutengeneza achari, akachungulia. "Yusufali, wambishia mgeni kwa nini? Hiyo si Barafuni?"

"Barafuni ni Barafuni, Aziza! Wao waulizia kiwanda cha soda."

"Na soda zilitengenezwa wapi, kwenu jikoni?"

Bwana Yusufali akaizima redio. Akaivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Ala!" akasema. "Barafuni! Kwa nini hamkusema Barafuni? Mimi nilikuwa nikitumwa barafu pale kila Ramadhani, imefukiwa kwenye vumbi la mbao ndani ya gunia. Mpaka nifike nyumbani imebaki nusu, napigwa." Akamgeukia mama, na sauti imembadilika. "Nyinyi mlikuwa mkivaa aproni za gunia, nyuma kule, kwenye birika."

"Sisi watu wa bara tulikuwa tukiiita Kampuni ya Soda," mama akasema. "Jina lenu silijui."

Aziza alishuka, akanawa mikono kwa maji ya mfereji, akatuongoza. Haikuwa mbali. Jengo sasa ni ghala la magodoro, na mwenye ufunguo alitufungulia bila maswali aliposikia mama alikuwa mfanyakazi. Nyuma ya magodoro kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, kuta nene kama kifua cha ng'ombe. Taa hakuna. Athumani akawasha simu yake.

Mama alisema, "Izime."

Akaachilia kiwiko changu, akaweka viganja viwili ukutani, akausogelea mpaka paji la uso likagusa chokaa. Nilidhani anasali. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuniambia chumvi imekwisha, "Kaka yako alilala hapa."

Nilimuuliza kaka gani. Ndipo akasema yote, akiwa ametugeuzia mgongo.

Alizaa mtoto wa kiume Mombasa kabla yangu. Wafula. Akafa kwa homa hata hajaota jino. Baba alikuwa na treni upande wa Kampala. Rafiki yake mama pale kazini, msichana wa mtaa uleule aitwaye Mwanakombo, alikuja mbio na mama yake, na yule bibi akasema mtoto azikwe kabla ya alasiri, ndiyo heshima yake. Mama akakataa. Kwetu baba lazima amwone mwanawe. Wale hawakumwelewa, naye hakuwaelewa. Yule bibi alidhani msiba umemvuruga akili. Mwanakombo alikuwa mjamzito mwenye tumbo kubwa. Akaondoka bila kuaga, na mama akadhani amekasirika. Kumbe amekwenda kwa tajiri wa kiwanda kumwomba chumba cha barafu.

"Alikaa na mimi humu," mama alisema. "Anabadilisha barafu, anasoma dua yake, mimi nasali yangu. Tajiri alisimamisha mashine za soda ili barafu isipungue. Mpaka baba yenu akafika."

Aziza alikuwa analia waziwazi. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikihesabu mambo ya kipuuzi: kwamba maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba, nimepewa mizigo ya kifungua mimba, na sikuwa.

"Kwa hiyo ulitaka kuona hapa," nikasema.

"Hapana." Akageuka. "Mwanakombo alijifungua wiki ile ile, akashikwa na homa, maziwa yakakatika. Yangu yalikuwa yanamwagika bure. Nikamnyonyesha binti yake. Mchana, usiku. Nilimpenda kama mwenda wazimu, Nafula. Kisha baba yenu akahamishwa ghafla, tukaambiwa tupande treni. Nilimtoa yule mtoto kifuani analia, nikampa bibi yake, mama yake bado hajui hata jina lake mwenyewe kwa homa. Sikujua kama mmoja wao aliishi. Hadi leo sijui. Nataka kumwona nikiwa bado naona."

Nje mtu alikuwa anaviringisha mkokoteni juu ya mawe. Kisha Aziza akafuta pua kwa mtandio wake.

"Mwanakombo wa Barafuni," akasema. "Bi Mwanakombo alifariki, Mungu amrehemu. Ni miaka mingi sasa, na alikuwa bibi mzima mwenye wajukuu, si kwa homa hiyo. Binti yake ni Rukia. Yuko Tudor."

Mama alishika ukuta.

Tudor

Athumani aliendesha mbio. Aziza alikuwa amekwisha piga simu, lakini alipokata akasema tu, "Ametaka mje sasa hivi," na uso wake haukunipa kitu cha kushika. Nilianza kuogopa. Huyo Rukia atakuwa na nini cha kumwambia mwanamke aliyemwacha analia? Nilimwambia mama tungoje kesho, apumzike kwanza.

Rukia alikuwa amesimama chini kwenye ngazi za fleti, mwanamke mnene, mrefu, buibui limekaa upande kwa haraka ya kuvaa. Akapaza sauti, "Ndoo! Ndoo!"

Nikatazama kushoto na kulia kutafuta ndoo, nikidhani bomba limepasuka mahali. Athumani akanigusa bega: "Asema njoo, mwalimu." Mama hakuhitaji mkalimani. Alikuwa ameshafika.

Walisimama wakitazamana. Mama akainua mikono, akaushika uso wa Rukia, akausogeza kulia, kushoto, akiutafutia ile sehemu ya jicho inayoona.

"Ni weye Rispa?" Rukia akauliza.

"Ni mimi."

"Nimekasirika na weye tangu nikiwa msichana," Rukia akasema, na machozi yakimshuka anacheka. "Wajua kwa nini?"

Mama alitikisa kichwa. Niliona amejitayarisha kupigwa na neno lolote litakalokuja.

"Alikuja kijana kunichumbia. Mtu wa kwenu, wa bandarini, ameslimu, mzuri huyo! Mama yangu akamkalisha barazani akamuuliza, mama yako aitwa nani? Ukoo wenu upi? Alinyonya wapi? Kwa sababu ya weye. Asema, Rukia ana mama bara, aitwa Rispa, na wanawe Rispa wote ni ndugu zake wa kunyonya ziwa moja, hawamwoi. Mpaka yule kijana akathibitisha si wako, posa imekwisha poa, ameoa Likoni. Kila mchumba wa bara, ni hivyo hivyo. Nikaolewa na binamu yangu, basi, ndiye pekee tuliyemjua mamake!"

Mama alianza kucheka. Akacheka mpaka tukamkalisha kwenye ngazi, na hapo kicheko kikageuka, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, hata siku tulipomzika baba. Rukia alikaa ngazi ya chini yake akamwekea kichwa mapajani, na umri wake wote ule na unene wake.

"Mama alikusubiri," akasema. "Hakukukasirikia. Alisema, aliyempa mwanangu maziwa ya maiti wake, mimi nimkasirikie nini?"

Tulipanda juu. Kulikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, na pilipili ya kukamua maji machoni. Mama alikula. Alikula akaongezwa, akala tena, na Rukia anamchambulia miiba. Mimi nilikuwa natazama mkono ule ukimlisha, na sitaficha, nilihisi wivu.

Kurudi

Tulikaa kwa Rukia siku kadhaa. Alitupeleka kwenye makaburi. Kaburi la Wafula hatukulipata, nyasi na mawe tu, na mama alisema basi, inatosha, amelala na wenzake. Siku ya kuondoka nilikuta mkoba wangu umefungwa na wa mama haujafungwa.

"Mimi nabaki kidogo," akasema.

"Kidogo ni nini? Na kliniki? Na dawa ya macho nani atakuwekea?"

"Nitamwekea mimi," Rukia akasema kutoka jikoni. "Na hospitali ziko hapa pia."

Nilisema maneno. Nilisema hamjui anavyoamka, hamjui asichokula, hamjui akianza kuzunguka. Nilisema mimi ndiye niliyemtunza. Rukia aliniacha nimalize, akaja akifuta mikono.

"Nafula, weye umekuwa naye umri wako wote. Mimi nimempata juzi, na kwa dini yetu huyu ni mama yangu, si mgeni. Bado ataniona uso. Mwaka ujao labda hataniona. Niachie."

Mama alikuwa ametazama dirishani, anajifanya hasikii. Mabega yake yalikuwa yameshuka, yametulia, na mikono imelala mapajani haishiki kitu. Nikachukua chupa ya dawa, nikamwonyesha Rukia jinsi ya kuvuta kope la chini, matone mangapi, asubuhi na jioni. Alirudia kila nilichosema kwa sauti, kama mwanafunzi.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa na kiti kitupu kando yangu, na juu yake kapu la Rukia: mahamri, mbaazi, achari ya Aziza iliyokuwa inavuja. Karani wa basi alipokuja kukagua akakiangalia.

"Huyu mwenzako amechelewa?"

"Amebaki kwa binti yake."

"Kumbe si weye binti yake?"

"Ni mimi," nikasema. "Ila yule ni mkubwa wangu."